Nikodi kamera kwa filamu yangu ya kwanza, au simu inatosha?

Swali: "Niko mwaka wa pili chuoni hapa Dar es Salaam. Nataka kutengeneza filamu fupi ya dakika nane: dada mtu mzima na mdogo wake wa miaka 10 wanagombea redio ya marehemu baba yao. Tutarekodi siku mbili, sebuleni kwa shangazi yangu Mbagala. Nina shilingi 450,000 nilizodunduliza, na simu ya Android. Wiki iliyopita nilijaribu tukio moja. Picha ina michirizi ya giza inayopanda na kushuka, sauti inasikika kama tumo bafuni, na feni inasikika kuliko waigizaji. Rafiki yangu anasema simu haifai, nikodi kamera kubwa na lenzi zake. Hela karibu yote itaishia hapo. Nifanyeje? Na je, mwanafunzi naye anahitaji kibali?"

Umejaribu mapema, kabla hujaita watu na kabla hujatoa hela. Wengi hugundua kasoro hizi siku filamu imeshapigwa na waigizaji wamesharudi makwao, kwa hiyo wewe uko mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Rafiki yako ameona ugonjwa, ila dawa aliyokuandikia siyo. Kasoro tatu ulizozitaja hazikuletwa na simu. Michirizi imeletwa na taa za shangazi pamoja na mpangilio ambao simu ilijichagulia. Sauti ya bafuni imeletwa na kuta, sakafu, na umbali kati ya maiki na mdomo wa mwigizaji. Feni ni feni. Ukiingiza kamera ya mamilioni katika sebule ileile, chini ya balbu zilezile, na maiki ikiwa imekaa juu ya kamera mita mbili kutoka kwa waigizaji, utapata mwangwi uleule na feni ileile, na hata michirizi itarudi kama anayeishika kamera hajui kuizuia. Utakuwa umelipa 400,000 ili kasoro zako zionekane vizuri zaidi.

Tuanze na michirizi, maana ndiyo rahisi kuponya. Umeme wa majumbani kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko nguvu yake hufika kileleni mara mbili. Tyubulaiti na balbu nyingi za LED za bei ya chini hufuata mapigo hayo: zinang'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kihisi cha simu hakisomi picha nzima kwa mara moja. Kinasoma mstari kwa mstari, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila mstari una muda wake wa kupokea mwanga. Muda huo ndio kasi ya shata. Ukiwa 1/50 ya sekunde, kila mstari unapata mapigo mawili kamili ya taa. Ukiwa 1/100, kila mstari unapata pigo moja kamili. Simu ikijiamulia 1/60 au 1/120, mistari mingine inaikuta taa imewaka sana na mingine inaikuta imefifia, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona kama michirizi. Inatembea kwa sababu simu nyingi hurekodi fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, na 100 haigawanyiki kwa 30 bila baki; kila fremu inaikuta taa katika hatua tofauti na ile iliyotangulia.

Kwa hiyo unahitaji programu inayokuruhusu kuifunga shata. Open Camera ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu nyingi za Android: ingia kwenye mipangilio, chagua Camera2 API, kisha utaweza kuweka ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na kasi ya shata kwa mkono. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Kama simu yako haina fremu 25, kaa kwenye 30 na uweke 1/50 au 1/100. Michirizi itaondoka pia. Kuna simu zisizokubali mipangilio ya mkono kabisa. Kwa hizo, tafuta kwenye kamera ya kawaida sehemu ya kuzuia taa kumetameta na uchague 50 Hz, au fanya jambo bora zaidi: zima taa zote upige kwa mwanga wa dirisha. Jua halipigi mapigo.

Ukiwa hapohapo, funga na vitu vingine viwili. Funga fokasi, la sivyo simu itaitafuta sura ya mwigizaji katikati ya mstari wake mzito. Funga mizani ya rangi nyeupe, la sivyo ukuta utakuwa wa njano shoti hii na wa bluu shoti inayofuata, na kuurekebisha wakati wa kuhariri kutakula usiku mzima. Lenzi za simu nyingi hazina tundu la kufungua na kufunga ili kupunguza mwanga, kwa hiyo ukiwa nje kwenye jua kali, 1/50 itaichoma picha. Hapo iachie shata ipande au hamia kivulini. Kivuli ndicho chaguo langu, kwa sababu jua la hapa kwetu kati ya saa nne na saa tisa liko karibu na utosi na linachimba mashimo meusi machoni pa watu.

Sasa sauti, ambako ningependa utumie akili yako nyingi na sehemu nzuri ya hela yako. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga akidhani ndiyo mtindo wa filamu, lakini akilazimika kukaza masikio ili asikie dada anasema nini, anaacha kuangalia.

Kwa nini ulipokuwa umesimama pale sebuleni hukuusikia mwangwi, ukausikia kwenye rekodi? Kwa sababu una masikio mawili na ubongo uliozoea kuchambua. Sauti ya mwigizaji inakufikia moja kwa moja, kisha milisekunde chache baadaye inakuja tena baada ya kugonga ukuta, dari na vigae. Ubongo unaipa kipaumbele ile ya kwanza na kuzimeza zinazofuata. Maiki haina ubongo. Inapokea zote kwa usawa. Ukitaka maiki isikie kama unavyosikia wewe, lazima sauti ya moja kwa moja iwe kubwa sana kuliko ile iliyogonga ukuta. Njia ya kwanza, na ya bei rahisi kuliko zote, ni kuisogeza maiki karibu na mdomo.

Kila unapopunguza umbali kwa nusu, nguvu ya sauti ya moja kwa moja inaongezeka karibu mara nne. Kutoka sentimita 160 hadi 80 ni mara nne, kutoka 80 hadi 40 ni mara nne tena, yaani mara 16 kwa jumla. Mwangwi, kwa kuwa umejaa chumba kizima, unabaki karibu vilevile popote maiki ilipo. Umeusukuma nyuma mara 16 bila kununua kitu. Ndiyo maana maiki ya bei ndogo iliyo sentimita 40 kutoka mdomoni huishinda maiki ya bei mbaya iliyo juu ya kamera mita mbili nyuma.

Njia unayoimudu ni hii. Nunua maiki mbili ndogo za waya, zile za kubana kwenye shati, na uazime simu mbili za ziada zitumike kama vinasa sauti. Tazama plagi ya maiki kabla hujalipa: inayofaa simu ina pete tatu nyeusi, yenye pete mbili inahitaji adapta. Simu isiyo na tundu la spika za masikioni inahitaji kiunganishi cha USB-C. Ukishaichomeka, ikwaruze maiki kwa kucha taratibu huku ukirekodi, kisha usikilize. Mkwaruzo ukisikika mkubwa na wa karibu, maiki inafanya kazi. Ukisikika kwa mbali, simu bado inatumia maiki yake ya ndani, na ungerekodi siku nzima bila kujua.

Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48, simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Mwigizaji aseme mstari wake mkali kuliko yote, wa kugomba, nawe upange kiwango ili vilele viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kinasa. Sauti iliyogonga sifuri imekatika kichwa na haina tiba. Iliyo chini kidogo inaweza kupandishwa.

Maiki ikae kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu. Adui hapo ni nguo. Kitenge kipya chenye wanga na shati la polista vinanguruma kila mtu anapopumua. Pamba laini iliyofuliwa mara nyingi haingurumi. Kunja vipande viwili vya plasta ya kitambaa kuwa pembetatu, upande wa gundi ukiwa nje, ubanie maiki katikati ili nguo ishikamane nayo badala ya kuisugua. Chini yake kunja waya kitanzi kimoja na ukibandike, ili waya ukivutwa, mvuto uishie kwenye kitanzi. Kama mwigizaji lazima akumbatiwe, au nguo ni ya shida, funga maiki kwenye mpini wa fagio na mtu auinue juu ya kichwa chake, nje kidogo ya fremu, ikielekea kifuani. Mikono itamuuma baada ya dakika tatu, basi pigeni vipande vifupi. Na katika tukio la watu waliokaa mezani, hakuna aibu kuificha simu ya kurekodia nyuma ya chupa ya chai.

Njia ya pili ni chumba chenyewe. Watu hubandika trei za mayai ukutani wakiamini zinaua mwangwi. Ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo sauti nyembamba za juu na kuuacha mngurumo wa katikati, ambao ndio unaokupa ile hali ya bafuni, na tena zinashika moto upesi. Kinachomeza sauti ni kitu kizito, kinene na chenye nafasi ya hewa: mablanketi, magodoro, mapazia mazito, sofa za vitambaa. Tandika mikeka na mablanketi sakafuni kila mahali kamera isipopaona. Simamisha godoro nyuma ya kamera, likiwatazama waigizaji. Tundika mablanketi mawili au matatu kwenye kamba, sentimita kama 10 kutoka ukutani badala ya kuyabandika, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta haitikisiki na blanketi linafanya kazi pale hewa inapotikisika. Khanga moja haitoshi, ni nyembamba. Inasaidia kwa mwanga, siyo kwa sauti.

Na ujiulize kama lazima iwe sebule. Chumba cha kulala chenye kitanda, nguo zilizotundikwa na zulia kimeshatibiwa kabla hujafika. Watoto wa marehemu wangeweza kuikuta redio kabatini kwa baba yao, na tukio likawa limepata uzito zaidi.

Feni izimwe kila mnaporekodi na iwashwe kila mnapopumzika. Friji nayo izimwe. Weka funguo zako za nyumbani ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Nenda Mbagala siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayorekodi, keti sebuleni dakika tano, fumba macho, andika unachosikia. Kama kuna mashine ya kusaga jirani, utajua inaanza saa ngapi. Adhana ina saa zake, kwa hiyo ipangie mapumziko badala ya kupambana nayo. Bodaboda hazina ratiba; subiri ipite, rudia. Kama nyumba ni ya bati bila dari, mvua itawasimamisha kabisa, hivyo msichague Aprili.

Kila mkimaliza tukio, kabla mtu hajasogeza kiti, watu wote wanyamaze sekunde 45 na simu zirekodi ukimya wa chumba hicho. Utautumia kuziba nyufa kati ya vipande wakati wa kuhariri. Bila huo ukimya, kila unapokata, mtazamaji anasikia chumba kikizimika na kuwaka. Kisha waambie waigizaji wakae palepale waseme mistari yao tena, kamera ikiwa imezimwa na maiki ikiwa karibu kabisa. Ni dakika kumi za kazi ambazo zimeokoa filamu nyingi zisiingie studio kwa marudio ya sauti.

Programu za kusafisha sauti zipo, na zinapunguza mvumo wa feni kwa sababu ni sauti isiyobadilika. Mwangwi ni kesi nyingine, kwa kuwa umetengenezwa na maneno yenyewe. Ukiung'oa, unang'oa na nyama ya sauti, na dada atasikika kama anaongea kutoka ndani ya mtungi wa maji. Zitumie kwa marekebisho madogo, usizifanye mpango.

Hadithi yako ina faida kubwa: watu wawili, nyumba moja, kitu kimoja kinachogombewa. Ilinde faida hiyo. Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa vizuri ni karibu dakika moja ya filamu, na kikosi cha wanaoanza hutumia dakika 20 hadi 30 kuandaa kila shoti mpya. Saa nane za kazi zinakupa shoti 15 hivi kwa siku, 30 kwa siku mbili. Dakika nane kwa shoti 30 inawezekana lakini hupati nafasi ya kukosea. Ningekata mswada ufike kurasa tano au sita. Soma kila mstari wa mazungumzo na ujiulize kama mkono unaoizungusha redio kuitafuta stesheni aliyoipenda baba hausemi jambo hilohilo. Kama mkono unasema, futa mstari.

Kuhusu redio hiyo, angalizo ambalo ni lazima ulichukue: isilie hata mara moja wakati wa kurekodi. Ikilia huku watu wanaongea, ukikata kutoka shoti moja kwenda nyingine wimbo utaruka, na hutaweza kutenganisha muziki na maneno. Waigizaji waigize kana kwamba inalia, wapaze sauti kidogo kama watu wanaoongea juu ya redio, nawe uiweke sauti yake baadaye. Isiwe muziki wa dansi wa zamani uliopakua mtandaoni, hata kama ndio baba wa namna hiyo angeusikiliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi na warithi wake, na hakuna kipengele kinachosema sekunde 30 ni bure. Hiyo ni imani tu inayozunguka. Mtafute mwanafunzi mwenzako anayepiga gitaa, akutungie dakika moja ya wimbo, na muandikiane karatasi yenye majina, tarehe, sahihi na maneno kwamba anakuruhusu kuutumia katika filamu hii popote itakapoonyeshwa. Kwa wimbo wa mtu mwingine, COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo mahali pa kuuliza.

Mwanga unaotosha sebule unaweza kununuliwa duka la vifaa vya umeme. Waweke waigizaji ubavuni mwa dirisha, siyo mbele yake, ili mwanga uwaguse upande mmoja wa uso. Tundika shuka jeupe dirishani kama jua linaingia moja kwa moja. Upande wenye kivuli, shika karatasi ya manila nyeupe mita moja hivi kutoka usoni. Ukiisogeza karibu kivuli kinalainika, ukiiondoa kinakuwa kizito, na kwa nyumba yenye msiba ningekiacha kizito. Usichanganye dirisha na balbu ya njano katika shoti moja, labda kama unaikusudia tofauti hiyo. Kwa usiku, balbu mbili za LED zenye mwanga mkubwa, za rangi moja, kila moja nyuma ya shuka, zinatosha. Usifunike kamwe taa za halojeni kwa kitambaa au karatasi, zinachoma. Na kama eksitensheni inapata moto au soketi inatoa cheche, acheni hapohapo aitwe fundi umeme. Hilo halina suluhisho la kusoma kwenye jibu kama hili.

Hela, basi. Kwa watu saba, siku mbili, chai asubuhi na chakula cha mchana kwa 8,000 kila mtu ni 112,000, na nauli kwa 4,000 ni 56,000. Usipunguze hapo. Watu wanaokufanyia kazi bure wakishinda na njaa, saa tisa alasiri wataanza kukuharakisha, na filamu itaonyesha. Tenga 60,000 kwa maiki na viunganishi vyake, 45,000 kwa stendi yenye kishikio cha simu, 45,000 kwa balbu, holda, eksitensheni na mashuka, 30,000 kwa kumbukumbu ya kuhifadhia, 50,000 kwa shukrani ya mtoto na mzazi wake. Inabaki 52,000 ya dharura. Kama bei za mtaani kwako zinatofautiana, anza kupunguza kwenye stendi. Simu iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu imetulia kuliko stendi mbovu.

Kamera ya kukodi ina wakati wake, nisikudanganye. Kihisi chake kikubwa kinavumilia giza kuliko cha simu, na lenzi zake zinaweza kuutenganisha uso na ukuta kwa namna ambayo simu inaigiza tu. Kama filamu yako ingekuwa ya usiku, nje, kwa taa za barabarani, ningekwambia ufikirie. Kama kuna mtu anayekuja na kamera yake na anajua kuitumia, kwa gharama ya chakula na nauli, mkaribishe kwa mikono miwili. Ila kukodi kamera usiyoijua, siku ya kwanza ya kuongoza watu, ukiwa umeweka dhamana ya kitambulisho au hela ambazo huna, ni kujifunza mambo mawili magumu kwa siku moja. Subiri filamu ya pili.

Mtoto wa miaka 10 anataka utaratibu wake. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi, na mzazi au mlezi awepo muda wote, siyo kumleta na kuondoka. Pigeni Jumamosi na Jumapili ili asikose shule. Panga matukio yake asubuhi; baada ya saa nne hivi za kazi mtoto huchoka na kuanza kukariri. Mweleze tukio la kugombana kabla, na baada ya kukata, dada huyo wa kwenye filamu acheke naye kidogo, ili ajue ugomvi umeishia kwenye filamu.

Kibali: ndiyo, swali hilo linakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Tanzania Bara, upigaji na uonyeshaji wa filamu uko chini ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na filamu inayokwenda kuonyeshwa kwa umma hupitiwa na kupangwa daraja la umri. Nenda mwenyewe ukiwa na mswada wako na barua ya utambulisho kutoka chuoni, uulize kazi ya mwanafunzi inahudumiwaje na ada yake ni kiasi gani, kabla hujanunua hata balbu moja, maana jibu hilo linaweza kubadilisha bajeti yako. Usimtegemee mtu atakayekwambia "wanafunzi hawaulizwi". Mpelekee taarifa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Siku jirani atakapolalamikia kelele, utafurahi kuwa mwenyekiti anakujua. Kama siku moja utavuka kwenda kupiga Zanzibar, huko kuna mamlaka nyingine, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na kibali cha Bara hakivuki bahari.

Uhifadhi. Picha ya kawaida ya HD kwenye simu inakula takriban megabaiti 150 kwa dakika, na 4K kama 375. Ukirekodi mara nane ya urefu wa filamu ya dakika sita utakuwa na dakika 48, yaani gigabaiti 7 za HD au 18 za 4K. Kwa kompyuta mpakato ya mwanafunzi, HD. Kila jioni nakili mafaili sehemu mbili tofauti kabla hujalala, na uyafungue uyaone yanacheza. Flashi za bei ya kutupa mara nyingi hudanganya ujazo wake: zinakubali kila faili, kisha hazirudishi. Ijaze flashi yako mpya nyumbani, ufungue faili la mwisho. Likigoma, irudishe dukani.

Kwa kuwa sauti na picha ziko kwenye simu tofauti, mwanzoni mwa kila shoti mtu ataje namba ya tukio na apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kuhariri unalinganisha fremu viganja vinapokutana na kilele cha kofi kwenye sauti. Lakini simu ina tabia moja inayowatoa watu machozi: ikipata joto au giza, inapunguza fremu zake kimyakimya, ikawa 30 hapa na 27 pale. Unalinganisha mwanzo wa shoti vizuri, na baada ya dakika mbili midomo imeachana na maneno. Kabla ya kuhariri, yapitishe mafaili yote kwenye HandBrake, programu ya bure, ukichagua kasi ya fremu isiyobadilika, ileile uliyorekodia. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kazi yote inayofuata. Kompyuta ikilemewa, itengenezee nakala nyepesi za kuhariria. Na kama hakuna aliyepiga kofi, huenda ukalazimika kutafuta midomo kwa macho, shoti baada ya shoti.

Ikiisha, usiipandishe YouTube usiku uleule. Baadhi ya matamasha hayapokei filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni, kwa hiyo soma kwanza masharti ya yale unayoyalenga, ZIFF ya Zanzibar ikiwemo, na uandae maandishi ya Kiingereza chini ya picha.

Jumamosi hii rudi kwa shangazi na mwigizaji mmoja tu. Feni na friji zimezimwa, godoro limesimama nyuma ya simu, mikeka iko chini, shata 1/50, maiki iko shibiri moja chini ya kidevu. Rekodi dakika moja ya maneno yoyote, piga kofi, kaeni kimya sekunde 45. Sikiliza kwa spika za masikioni, siyo kwa spika ya simu, ulinganishe na jaribio la wiki iliyopita. Kama bado kuna mwangwi, ongeza blanketi upande ambao mwigizaji anautazama. Ukishafanya hivyo na bado hupendi unachosikia, chukua rekodi zote mbili uende nazo kwa mtu anayerekodi sauti kwa kazi, studio ya redio ya chuo au fundi wa studio mtaani kwako, akae nawe nusu saa asikilize. Sikio lililozoea litakutajia tatizo ndani ya sekunde kumi, na nusu saa hiyo ni bei ndogo kuliko siku moja ya kamera.